Yohanes Gunadi Tedjasaputra, Aliyefuga Matumbawe Sebuleni

Marehemu Yohanes Gunadi Tedjasaputra alizaliwa Pasuruan, Jawa Mashariki, tarehe 20 Septemba 1957, saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Tedja Kiem Hok, muuza barafu, na marehemu Oei Giok Nio, aliyeoka keki za tabaka ambazo watu wa Pasuruan wa rika fulani wanazitaja hadi leo kwa masikitiko. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alianza kupiga mateke tumboni mapema na hakuacha hata alipotoka. Mdogo wake wa mwisho, Ing, ambaye ndiye anayewasomea haya, anathibitisha. Katika miaka sitini na miwili ya kumjua kaka yake hakuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Ukimkaribisha kiti, kwanza anakigeuza kukagua miguu yake.

Masomo aliyaanza Pasuruan, katika shule ya Kichina iliyofungwa mwaka 1966 kama zilivyofungwa nyingine zote kwa amri ya serikali. Akakaa nyumbani miezi saba. Katika miezi hiyo alifungua saa ya ukutani, redio ya jirani na cherehani ya mama. Saa na redio vilirudi vikafanya kazi. Cherehani ilirudi ikishona kinyumenyume, na mama aliizoea hivyo hivyo mpaka alipozeeka. Baadaye alisoma shule ya serikali, kisha akaja Surabaya kwenye shule ya ufundi, akahitimu mwaka 1976 katika ufundi wa majokofu na mitambo ya baridi.

Kuanzia 1977 hadi 1988 alitunza vyumba vya baridi vya kuhifadhia kamba wanaosafirishwa nje. Mwaka 1989 alifungua karakana yake mwenyewe mtaa wa Kapasan, akitengeneza majokofu na viyoyozi. Sifa yake ilikuwa kubwa, na lawama ilikuwa moja tu: akishamaliza kazi haondoki. Atasikiliza, atagusa, atarudi kesho yake bila kuitwa, atasema, "Nilikuwa napita tu." Alikuwa hapiti tu. Alikuwa ameshindwa kula kwa sababu ya mlio aliousikia kwenye jokofu lako.

Tarehe 12 Februari 1984 alifunga ndoa kanisani, hapa Surabaya, na Lanawati Oetomo, fundi cherehani, mtu mtulivu, mtu wa kukaa. Sote tulishangaa mtu wa kukaa atamweza vipi kiguu na njia. Siku ya harusi yenyewe, mchungaji alipofika kwenye kiapo, bwana harusi alikuwa ametoa macho anaitazama feni ya dari. Lana akamfinya kiunoni kupitia koti. Akaapa vizuri kabisa, kwa sauti, halafu akamnong'oneza mkewe, "Ile feni itaanguka mwaka huu." Walijaliwa watoto wawili, Felisia na Yonatan, na kwa miaka mingi hapakuwa na neno baya la kuandika kuhusu nyumba ile.

Halafu likaja tangi. Familia ilijadiliana kama tangi liandikwe katika wasifu huu au liachwe, na Ing alisema likiachwa hasomi. Maana maisha ya kaka yetu na wifi yetu, kwa zaidi ya miaka kumi, yalizunguka swali moja dogo: nani anaruhusiwa kutia mkono katika yale maji.

Ilianza mwaka 1999, alipoitwa kutengeneza kiyoyozi katika ofisi moja yenye tangi la matumbawe hai mapokezini. Kazi ya saa moja ikachukua siku nzima. Alirudi nyumbani amechelewa, chakula kimepoa, akamwambia mkewe, "Mama Feli, nimeona kitu ambacho hakitengenezeki kikaisha."

"Basi ni kama wewe," Lana akasema. "Kula."

Akapanga kwa miaka minane. Alichora tangi kwa chaki kwenye sakafu ya sebule, urefu mita tano, upana mita moja na nusu, na kila walipopiga deki alilichora upya, akilisogeza kidogo kila mara. Wageni walipaswa kuzunguka mistari. Ukikanyaga ndani anakwambia, "Umelowa." Mwaka 2007 alivunja sakafu, akamwaga zege nene lenye nondo, kwa sababu maji yale na mawe yake yangekuwa na uzito wa tani kumi, na nyumba ya urithi haibebi tani kumi kwa maombi. Ukuta wa mbele ulibomolewa ili kioo kipite. Kiliingizwa na wanaume kumi na wanne, nusu yao wanakwaya wa sauti ya nne, ambao wako hapa leo na migongo yao mnaijua.

Nyie mlioingia siku ile ya kwanza ya maji mlidhani mmekuja kuona samaki. Mkaona mawe. Mkaja baada ya miezi mitatu, mkaona mawe yenye utelezi wa kahawia. Pasta wa wakati ule aliuliza kwa upole, "Ndugu Gunadi, samaki wako wapi?" Kaka akajibu, "Maji hayajakomaa, Pasta." Mwaka mzima alikesha na maji yasiyo na kitu, akipima chumvi, joto na uchafu usioonekana kwa macho, akiandika tarakimu kwa penseli ukutani. Kwa mtu asiyeweza kungoja chai ipoe, mwaka ule ulikuwa adhabu. Alikonda. Lakini alingoja, na Ing anakiri kwamba hapo ndipo alipoanza kumheshimu kaka yake kwa kitu kingine zaidi ya mafriji.

Kisha vikaja vipande vya matumbawe vilivyooteshwa katika shamba la baharini kule Banyuwangi, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba. Alivibandika kimoja kimoja. Vikaota. Kufikia 2010 sebule ile ilikuwa na kichaka cha zambarau, kijani na manjano, na samaki wa bluu wakipita katikati kama watoto wa shule wakati wa mapumziko. Alikuwa na furaha, lakini furaha yake haikukaa kitako. Alikuwa akitazama tumbawe lililonawiri na kuuliza, "Hili kwa nini leo limechelewa kufunguka?" Presha ilimpanda mwaka huo. Daktari akamwambia apumzike. Akamjibu daktari kwamba kiyoyozi cha chumba chake kinavuja.

Lana aliogopa. Alimwona mumewe anaamka, anasikiliza, anapanda ngazi, anashuka, mishipa ya shingo imesimama. Na mtu akiogopa hushika alichoachiwa na wazee wake. Kwa hiyo Mwaka Mpya wa Kichina wa 2011 ulipofika, alichukua sarafu tatu za zamani za bibi yake, zile za shaba zenye tundu la mraba, akazifunga kwa uzi mwekundu, akazitia nyuma ya jiwe katika tangi dogo la chini, mahali ambapo maji yote ya tangi kubwa hupita kuchujwa. Bibi yake alikuwa akisema maji yakipita juu ya sarafu zile nyumba inapata heri na mwenye nyumba anapata umri. Alisali na sala ya Baba Yetu pia, ili asikose upande wowote. Hakumwambia mtu.

Msiofuga matumbawe hamwezi kujua alichofanya, na yeye hakujua pia. Shaba katika maji ya chumvi huyeyuka taratibu. Samaki huvumilia. Matumbawe, konokono na kamba wadogo hufa.

Wiki ya tatu konokono walianza kudondoka kwenye kioo. Wiki ya tano matumbawe ya zambarau yakajifunga, yakawa meupe. Kaka alikuwa kama mtu aliyefiwa na bado anafiwa. Alibadilisha maji. Alifungua pampu zote akitafuta waya uliochubuka. Alimshuku Ing na manukato yake akamzuia kukaa sebuleni, jambo ambalo Ing alilipokea vibaya na bado analipokea vibaya. Hakulala, hakwenda karakana, alimfokea Yonatan kwa kupiga chafya. Na Lana alipoona anateketea hivyo, akazidi kusali juu ya sarafu zake.

Tarehe 16 Aprili 2011, mchana, Ing alikuwa jikoni na wifi yake wakimenya vitunguu saumu vya kupikia rawon, mchuzi mweusi wa nyama. Kaka akaingia amelowa hadi mabegani. Akafungua kiganja. Sarafu tatu, zimegeuka kijani, na kipande cha uzi.

"Nani?" akauliza.

Lana akaweka kisu chini. "Mimi. Ni za bibi. Ni za umri wako."

"Umri wangu." Akazitazama. "Mama Feli, umewaua. Miaka yote hii, wewe ndiye uliyewaua."

"Sikujua, Baba Feli."

"Mkono wako usiingie tena katika maji yangu. Unasikia? Hata kidole."

Ing akasema, "Kaka, usivuke mpaka." Lana aliokota kisu akaendelea kumenya, akasema neno moja tu, "Sawa." Wengi wetu tulidhani ni hasira ya siku mbili.

Ilikuwa miaka kumi. Kaka alianza upya, vipande vipya kutoka Banyuwangi, vidole gumba vipya. Tangi likarudi na kuzidi lilivyokuwa. Watu wa klabu za wafugaji wa matumbawe walikuja kutoka Semarang na Bandung kulitazama. Lana aliwapikia wote. Aliwatilia chai. Lakini hakuvuka kizingiti cha sebule ile ila kwa kupita, na alikula jikoni. Kaka aliona. Kaka hakuwa mjinga. Alishindwa tu kuanza, naye alikuwa fundi wa kila kitu kasoro hicho. Inauma kusema hivi mbele ya jeneza lake, lakini ndivyo ilivyokuwa, naye mwenyewe alikuja kusema hivyo hivyo.

Figo zake zilishindwa kazi mwaka 2019. Akaanza kusafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Huko nako hakutulia. Siku ya kwanza alimuuliza muuguzi, "Maji ya mashine hii mnayachuja mara ngapi?" Muuguzi akamwambia. "Utando wa kuchujia mnabadilisha lini?" Muuguzi hakujua. Wiki iliyofuata walimpeleka kwenye chumba cha mitambo ili aache kuuliza, akatoka ameridhika kiasi. "Wanajitahidi," alimwambia Ing. "Ila maji yangu ni safi zaidi."

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa na mshipa uliounganishwa kwa upasuaji, nao haukuruhusiwa kubeba kitu wala kuingia katika maji ya chumvi. Tangi lile linataka lita mia saba na hamsini zibadilishwe kila Jumanne. Aliajiri mtu. Akamfukuza kwa kupaka losheni. Akaajiri wa pili. Akamfukuza kwa kuwa anasugua kioo kama anayesugua sufuria. Akawa anafanya mwenyewe kwa mkono mmoja, na tarehe 9 Machi 2021 akaanguka kutoka kwenye ngazi. Hakuvunjika. Alikaa tu sakafuni katika maji, na maji yakazidi kumwagika.

Kesho yake alimpigia Ing simu. "Mwambie wifi yako pampu ya nyuma imeziba."

"Mdomo huna?"

"Ing, nakuomba."

"Mimi sipeleki. Mimi nina manukato." Akakata simu, kisha akawasha pikipiki akaenda mwenyewe, akasimama mlangoni asikie.

Kaka alikuwa kwenye kiti, sebuleni. Aliita, "Mama Feli." Lana akatoka jikoni, akasimama kizingitini.

"Pampu ya nyuma imeziba."

"Najua. Inakoroma tangu Jumapili. Na ile ndogo ya juu inavuta hewa."

Kaka akageuka kwenye kiti. Miaka kumi jikoni, na alikuwa akizisikia zote. "Mkono wangu haufiki," akasema.

"Wangu ulikatazwa."

"Nilikosea." Alilitoa neno lile kama anayetoa jino. "Walikufa wanyama, wangeota wengine, na waliota. Wewe nilikuacha jikoni miaka tisa."

"Kumi," Lana akasema. "Mwezi ujao inatimia kumi."

"Kumi. Nisamehe, Mama Feli. Nina haya hata ya kuomba."

Lana hakusema sawa safari hii. Alilia kwanza, kwa hasira, akamwambia maneno ambayo hayasomwi kanisani wala makaburini. Akamaliza. Akavua pete na bangili, akampa azishike. Akanawa mkono kwa maji matupu hadi begani, akapanda ngazi, akautia mkono wote ndani. Kaka akaanza: "Kushoto. Kushoto kwako. Polepole, hapo kuna—"

"Baba Feli, unataka kuja wewe?"

Akanyamaza. Aliyeshuhudia ni Ing, na katika ukoo huu hakuna mwingine zaidi ya Lana aliyewahi kumnyamazisha kaka.

Kwa miaka mitatu iliyofuata Lana ndiye aliyeyatunza yale maji, na familia inaona ni haki isemwe wazi: aliyatunza vizuri kuliko yeye. Mkono wake ulikuwa mtulivu, samaki walikuwa wakija kula vidoleni mwake. Kaka alikaa karibu, akipima kwa vichupa vyake, akigomba, akiomba ahamishiwe kiti upande wa pili, kisha arudishwe. Walikula sebuleni.

Jumanne tarehe 4 Juni 2024, Lana akiwa juu ya ngazi anabadilisha maji, kaka alisema kutoka kwenye kiti, "Joto limepanda nusu nyuzi." Lana akasema hapana. Kaka akakazania. Lana akashuka kutazama kipima joto, na kweli lilikuwa limepanda nusu. Alipogeuka kumwambia, moyo wa kaka ulikuwa umesimama. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na miezi minane.

Sasa mnaangaza macho mkimtafuta mjane, na mnanong'ona, na Ing anawasikia. Lanawati hayupo hapa makaburini. Leo umeme wa mtaa wetu umekatwa kwa matengenezo tangu saa mbili, tulitangaziwa mapema, na utarudi saa kumi. Jenereta la nyumba liliungua juzi likiendesha feni za hema lenu la matanga. La kuazima litafika mchana. Maji yale yasipotikiswa, hewa inaisha ndani ya saa chache na kila kilicho hai humo kinakufa. Kwa hiyo amebaki na ndoo, anachota na kumimina, anachota na kumimina, tangu jeneza lilipotoka mlangoni.

Ing aligombana naye jana, tena kwa sauti. Alimwambia, "Wifi, utawaambia nini watu? Mume anazikwa mara moja tu." Alijitolea kubaki yeye.

Lana akamjibu, "Wewe utachoka saa ya kwanza. Nami nikija huko nitafanya nini, nitatazama udongo? Alininyima maji haya miaka kumi, Ing, kisha akanipa. Sitayaacha yafe siku ya kumzika. Mwambie nipo kazini. Atanielewa yeye, wengine wataelewa polepole."

Basi Ing akaenda kukusanya ndoo.

Marehemu ameacha mjane, Lanawati Oetomo, watoto wawili, Felisia wa Malang na Yonatan wa Jakarta, wajukuu watatu, dada mmoja, Ing, na samaki sitini na mmoja kwa hesabu yake mwenyewe ya Jumatatu. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, kanisa, na wanaume kumi na wanne wa kioo. Hatutakuwa na chakula hotelini. Tukitoka hapa tunakwenda nyumbani kwake Kapasan moja kwa moja. Mkishanawa maji ya maua getini, kama ilivyo desturi ya kutoka makaburini, naweni tena kwa maji matupu, mvue pete na saa, mkunje mikono hadi mabegani. Wenye losheni na manukato mbaki nje na Ing. Ndoo zipo kumi na mbili, na wifi yetu amekuwa akichota peke yake kwa muda wa saa tatu sasa, kwa hiyo nyimbo ziwe beti mbili mbili.

Apumzike kwa amani Yohanes Gunadi Tedjasaputra, asiyewahi kupumzika. Maji yana mtu.